Kimya Si Kibali

12 Januari

Mpwa wangu Profesa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, maana mmoja hautoshi kwa mtu aliye mbali kiasi hicho. Mimi mjomba wako ni mzima, chuma cha pua. Goti la kushoto tu linalalamika nikipanda ngazi, na wala silaumu: goti la mtu aliyetengeneza lifti tangu ujana halikulelewa kwa ngazi. Mdogo wangu wa duka la vioo anakusalimu, kapata mapacha wengine, sasa anauza vioo huku akilala amesimama. Nyumba ni nzima. Chumba chako nakifungulia madirisha kila Jumapili, hewa isije ikadhani umehama.

Ulipiga simu mwaka mpya nikakukatia. Usinune. Simu za siku hizi hazina sauti. Zamani simu ilikuwa ikisema, mtaa mzima unajua nani kazaa na nani kaachwa. Kuna daktari mmoja, kijana bado ana chunusi, ananiambia ati tatizo si simu, ni masikio yangu, mota za lifti zimeyatafuna. Nikamwambia, "Daktari, kapime kwanza masikio ya simu." Basi tuandikiane. Karatasi haigugumizi.

Sasa nisikilize, maana nimeaibika. Pale kwenye jengo la ofisi ninapotunza zile lifti mbili za kizee, kuna fundi cherehani kaweka mashine yake chini, kando ya mlango wa lifti. Mjane. Mwanamke wa sauti nzito. Akisema neno, namsikia mpaka la mwisho bila kuinamisha kichwa. Akaniuliza, "Huyo mtoto wako unayejisifia kila siku, anafanya kazi gani hasa?" Nikasema, kwa kifua, anaipa mimea majina. Akasema, "Kwani mimea haikuwa na majina?"

Nikakwama. Mimi! Mimi niliyekwama na waziri baina ya ghorofa ya tano na ya sita, nikamsimulia visa mpaka akasahau kuogopa. Mimi niliyefunga lifti katika miji ambayo hata ramani inaitaja kwa heshima. Nimekwamishwa na mtu mwenye sindano mdomoni.

Niandikie unafanya nini. Andika polepole, elimu yangu iliishia pale mwalimu wa hesabu alipohama.

Ni mimi mjomba wako, bingwa wa kupanda na kushuka.

*

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama. Nimefurahi kusikia habari za mapacha, mwambie mjomba mdogo apumzike sasa. Lile goti lipake dawa, usilisifie tu.

Mimi sijambo. Nakaa chumba kimoja, dirisha linaangalia ukuta wa maegesho ya magari, kwa hiyo jua nalijua kwa habari. Kazini tuko ghorofa ya tatu. Lifti ikifika ya pili inaguna kidogo, nami nakukumbuka. Ofisini kila mtu ana visikilizio masikioni. Si watu wabaya. Ni kwamba siku nyingine neno langu la kwanza la kusema kwa sauti ni "asante" kwa muuza mkate jioni.

Mwambie fundi hivi. Kila mmea umebeba maagizo yake ndani ya mwili, madogo sana, ndiyo tunayoita jeni. Maabara moja inachunguza jeni za mahindi, nyingine za mpunga, nyingine za migomba. Wanakata kipande cha mmea, wanatazama ni jeni zipi zinafanya kazi pale, kisha wanaandika wamekata wapi. Wa mahindi ataandika mbelewele. Wa mpunga ataandika suke. Wa migomba ataandika mkungu. Kompyuta inaona vitu vitatu visivyojuana. Mimi nasoma mafaili yao, nabandika juu ya kila kimoja neno la pamoja, lenye namba na maelezo tuliyokubaliana wote: hiki ni kishada cha maua, au kilichotokana nacho. Hapo mtu wa mpunga akigundua jeni inayofanya suke lizae vizuri, ataweza kuuliza, je, mwenzake yuko wapi kwenye mgomba? Nayo kompyuta itamjibu.

Yale maneno yamepangwa kama ukoo. Hili ni sehemu ya lile, lile ni aina ya hili. Na ni lazima ujue mmea wenyewe, si jina lake tu. Juzi nimekuta maabara wamekata gogo la mgomba wakaandika "shina", na mtu akalilinganisha na bua la muhindi. Kumbe gogo la mgomba si shina, Mjomba. Ni mikono ya majani iliyokumbatiana, moja ndani ya nyingine. Shina lenyewe limejificha chini. Kazi yote ile ya kulinganisha ilikuwa bure.

Basi nimependekeza neno la pamoja kwa ajili ya gogo hilo. Lakini hakuna anayetunga neno peke yake. Unaliweka mbele ya wote, na maelezo yake, na mahali pake katika ukoo, na watu wa kila zao lazima wajibu. Wasipojibu, linaning'inia. Kwetu kimya si kibali. Na neno la zamani likiacha kutumika hatulifuti. Linabaki pale pale na alama ya kustaafu, kwa sababu kuna mafaili ya zamani bado yanaliita.

Wote wamenijibu isipokuwa watu wa mpunga. Nangoja.

Nikumbuke katika Jumapili zako za madirisha.

Mpwa wako.

*

9 Aprili

Profesa,

Marahaba, tena marahaba ya mtu aliyenyooka mgongo. Huku salama. Mapacha wanalia kwa zamu kama walinzi. Mdogo wangu ameuza kioo kilichopasuka kwa bahati mbaya, mnunuzi akarudi, wakapigana mpaka wakawa marafiki. Dawa ya goti nimepaka, sasa goti linanukia kuliko mimi.

Barua yako nimeisoma mbele ya jengo zima. Fundi aliacha cherehani ikazunguka bure. Nilipofika pale pa mgomba, bawabu akasema, "Hauna shina? Mzee, huyo mtoto wako wamemchosha huko." Nikamwambia, "Wewe nawe huna shina, una sare tu." Fundi akacheka mpaka akatoa sindano mdomoni kwa usalama.

Nami nimekuelewa kuliko unavyodhani, kwa sababu kazi yako ni kazi yangu. Sikiliza. Kuna majengo ghorofa ya chini inaitwa sifuri, mengine inaitwa moja. Kuna tajiri mmoja aliniambia jengo lake lisiwe na ya kumi na tatu, anaiogopa, kwa hiyo kitufe kikaruka kutoka kumi na mbili kwenda kumi na nne. Mgeni anabonyeza kitufe anachokijua. Lakini kule juu, chumba cha mota, mashine haijui vitufe. Ina hesabu yake moja, inajua tu waya umefunguka kiasi gani. Wewe uko chumba cha mota, mwanangu. Niliposema hivyo nilijipigia makofi mwenyewe, maana wengine walikuwa wamekwisha kwenda kula.

Sasa, kwa kuwa nimekuwa mwanachama wa ofisi yenu, na mimi nina pendekezo. Naliwasilisha rasmi.

Neno: mkaza mjomba. Maelezo: mwanamke anayekaa nyumba moja na mjomba, kwa ndoa, na kumwambia ukweli akikoroma. Mahali pake katika ukoo: kando ya mjomba, wala si juu ya mpwa. Neno la zamani: halifutwi, kama ulivyosema mwenyewe. Picha ya marehemu mke wangu inabaki ukutani pale ilipo, na kila anayeingia atasimuliwa kwamba huyu ndiye aliyemlea mpwa wangu tangu dada yangu alipofariki, na ndiye aliyenifundisha kunyoa ndevu sawasawa. Sababu za pendekezo: jioni nyumba ina sauti ya friji tu, na friji yenyewe siisikii vizuri. Anayetakiwa kujibu: mpwa, peke yake.

Huku kwetu mwali akinyamaza watu hupiga vigelegele. Lakini mimi ni mtu wa kisasa, nafuata sheria ya ofisi yako. Kimya si kibali. Nangoja.

Hayo tuyaache. Je, lifti yenu bado inaguna? Waambie watazame reli upande wa kushoto. Wakikataa, waambie mjomba wangu amesema, watajua hatari iliyo mbele yao.

Ni mimi mjomba wako, mkuu wa idara ya kungoja.

*

17 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilibanana, kisha nikahamishiwa meza nyingine karibu na mashine ya kuchapishia, nayo haina adabu.

Natumaini goti limetulia na mapacha wamejifunza kulala. Hapa majani yametoka kwenye miti ya barabarani, watu wanakula nje, wawili wawili. Mimi nakula mezani kwangu, nabandika maneno kwa mkono mmoja.

Mfano wako wa lifti ni mzuri, nimewasimulia wenzangu kwenye mkutano, wakacheka pale pa tajiri. Una kasoro moja tu. Katika majengo yako ghorofa zote zipo, majina ndiyo tofauti. Kwenye mimea, kuna sehemu ambazo mmea mmoja unazo na mwingine hauna kabisa. Hapo huwezi kubandika neno kwa nguvu ili majedwali yalingane. Inabidi ukubali kwamba kwa huyu, hicho kitu hakipo. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, wageni wa kazi hii wanakosea hapo kila siku.

Watu wa mpunga bado kimya. Nimewaandikia tena kwa upole. Sijui kama wamekasirika, hawajasoma, au wamesoma na hawataki tu kusema. Afadhali mtu akukatalie, ujue pa kuanzia.

Lifti nimewaambia kuhusu reli. Wamesema wataandika.

Barua yako imenichekesha sana, nimeisoma mara nyingi. Bawabu asiye na shina sitamsahau. Je, kabati la mkaza mjomba bado liko chumba cha nyuma? Na ile kanga aliyokuwa anatundika nyuma ya mlango? Naomba usihamishe kitu chumbani kwangu. Sina sababu, naomba tu.

Jitunze. Kula vizuri, usile mkate na chai usiku ukaita chakula.

Mpwa wako.

*

30 Julai

Profesa,

Marahaba. Tuko wazima. Mapacha wana meno, sasa wanamng'ata baba yao kwa zamu. Kabati liko pale pale. Kanga iko nyuma ya mlango. Chumbani kwako hakuna kilichosogea, isipokuwa mjusi, na huyo sikumpa ruhusa.

Barua imekuchekesha. Vizuri. Ndiyo kazi yangu, kuchekesha. Kuna mji mmoja niliwahi kukaa miezi nikifunga lifti za hoteli, sijui neno hata moja la lugha yao, na bado walilia nilipoondoka. Mpishi wao alinibusu paji la uso, mwanamume mwenye masharubu. Kwa hiyo usishangae.

Huku kazini wanazungumza kuleta lifti mpya, za kuzungumza zenyewe. "Ghorofa ya tatu, karibu." Nimewauliza, zikikwama zitasimulia visa? Sina wasiwasi, vya kale ni dhahabu.

Fundi anakusalimu. Binti yake aliyeolewa mji mwingine amejifungua, anamtaka mama yake akakae naye, na ameshamtafutia pahali pa kuweka cherehani. Yeye bado hajaamua. Kila jioni nikimaliza kupangusa mlango wa lifti ananiuliza, hata hageuzi shingo:

"Kuna barua?"

"Ipo."

"Imesemaje?"

"Imesema watu wa mpunga hawajajibu."

"Mimi na mpunga wapi na wapi?"

Namweleza kwamba ofisi za kimataifa zina mlolongo wake. Jambo linawekwa mezani, wanalizunguka, wanalinusa. Ananitazama. Kisha anakanyaga cherehani, krrrr, sisikii tena nilichokuwa nasema.

Sikuharakishi, mwanangu. Nasimulia tu, maana karatasi ilikuwa na nafasi. Pendekezo liko mezani, halina miguu.

Kula na watu. Hata kama huwajui. Kaa meza ya karibu, uwasikilize wakitafuna, nayo ni kampani.

Mjomba.

*

3 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua nimechelewa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti, na mapacha, na lifti zako.

Mwezi uliopita niliumwa mafua makali, nikalala siku kadhaa. Sikuandika kwa sababu usingeweza kufanya kitu isipokuwa kuhangaika. Si ugonjwa ulionitisha. Ni kwamba nilipopona nikarudi kazini, mtu wa meza ya jirani alisema, "Ulikuwa likizo?" Kwa wema kabisa. Nikasema ndiyo.

Watu wa mpunga wamejibu. Sasa wanasema hawana pingamizi, hawakujua kwamba tulikuwa tunawangoja wao, walidhani jambo haliwahusu kwa kuwa mpunga hauna gogo la namna ile. Neno limekubaliwa. Nilidhani nitafurahi zaidi. Lakini ile maabara ya migomba ilichoka kungoja, wakachapisha kazi yao na neno la zamani, na sasa waliolinganisha nao wamekosea upya.

Sasa nije kwenye barua yako ya Aprili. Sikujua kama lilikuwa jambo la kweli au utani wako. Wewe unajua unavyoandika.

Nikuambie kitu. Hapa nikikosa usingizi huwa natembea nyumbani kwetu kwa mawazo. Naingia mlango wa mbele, napita picha, nafika jikoni. Najua vikombe viko rafu ya pili, kile chenye ufa kiko mwisho. Najua swichi iko wapi bila kupapasa. Ni mahali pekee duniani ninapoweza kutembea gizani. Nilifikiri, akija mtu mwingine atavihamisha vikombe. Ni haki yake, ni jikoni kwake. Nami nitarudi siku moja nipapase ukuta kama mgeni.

Lakini hiyo si sababu ya mtu kukaa jioni na friji asiyoisikia. Sasa hivi nimejua jioni ya namna hiyo ikoje.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Ndiyo, Mjomba, na avihamishe. Mwambie fundi leo leo, usingoje Jumapili. Mwambie mpwa anamsalimu na anaomba siku moja amfundishe kushona.

Mpwa wako.

*

28 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mafua. Ukiumwa tena niandikie hata kama siwezi kufanya kitu. Kuhangaika nako ni kazi, hunipa cha kufanya. Huyo wa meza ya jirani mwambie mjomba wako ana ujumbe wake, atamletea mwenyewe siku ya siku. Huku mapacha wanatambaa, mmoja kushoto mmoja kulia, mdogo wangu kafunga duka kwa wiki nzima apate kuwakamata. Hongera kwa neno lako. Nimewatangazia jengo zima kwamba mgomba umepata haki yake.

Barua yako ya ndiyo ilifika fundi ameshaondoka. Alifungasha mwanzoni mwa Septemba. Nilimsaidia kushusha cherehani kwenye gari, tukaagana kwa mkono kama watu wa benki. Pale alipokuwa wameweka mashine ya soda.

Lakini mjomba wako si mtu wa kukata tamaa kwa sababu ya barabara. Nilivaa lile koti la safari, nikapaka mafuta viatu, barua yako mfukoni, nikasafiri. Mji wenyewe mdogo, hauna hata lifti moja, nikauhurumia. Nikamkuta barazani, mjukuu kalala kwenye kikapu cha vitambaa chini ya meza. Alivaa miwani mipya. Nikasema hodi, akasema karibu, akanipa kiti, wala hakushangaa.

"Kuna barua?" akasema.

"Ipo. Imesema ndiyo."

Nikampa. Akaisoma yote, polepole, mpaka pale pa vikombe akairudia. Akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mtoto huyu ana moyo," akasema. "Lakini nikuulize. Ulikuwa unangoja nini?"

"Ruhusa."

"Mimi nilikuwa nimekuomba ukalete ruhusa?"

"Nilitaka mambo yawe sawa pande zote."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Fundi." Ananiita hivyo, fundi kwa fundi. "Kila jioni nakuuliza, nawe unaniambia mpunga. Miezi yote ile hukuniambia hata siku moja, 'Mimi nakutaka.' Umemwandikia mtu wa mbali, aliye karibu umemwachia habari za ofisi."

Nikasema, "Basi nakwambia sasa."

Cherehani ilikuwa kimya kabisa, kwa hiyo sikuwa na pa kukosea kusikia. Akasema, "Sasa nimeshapanga maisha. Mtoto huyu akiamka ananitafuta mimi kwanza. Siwezi kumwambia naye angoje."

Hakunifukuza, usidhani. Alinipa chai. Aliona bitana ya koti imechomoka, akaishona nikiwa nimelivaa, akakata uzi kwa meno hapa karibu na bega. Nikamsimulia kisa cha waziri. Akasema alishakisikia. Nikamwambia safari hii waziri analia. Akacheka kidogo. Kisha mjukuu akaamka, nami nikaaga.

Sasa wewe usianze kulia kwenye karatasi, wino unaharibika. Nilijua umeelewa tangu Aprili. Mtu anayejua mgomba hauna shina atashindwa kujua mjomba wake anataka nini? Ulinyamaza kwa sababu uliogopa, na mimi nikaandika kiutani kwa sababu niliogopa. Mimi, mtu wa miji mingapi! Nikashika sheria ya ofisi yako nikajificha nyuma yake, maana ilikuwa rahisi kungoja jibu lako kuliko kuuliza la kwake. Kwa hiyo lawama tugawane, na kipande kikubwa nipe mimi, mimi nina meno.

Nimerudi. Lifti mpya zimefika, zinazungumza kweli, ila sisikii zinachosema. Abiria ndio wananieleza tuko ghorofa gani. Wamesema nitabaki mpaka mwisho wa mwaka, nizizoee na zenyewe zinizoee, halafu tutaona.

Nyumba ni nzima. Vikombe viko rafu ya pili, chenye ufa kiko mwisho. Hakuna aliyevihamisha.

Mjomba wako.

*

11 Desemba

Mjomba,

Nakuja.

Barua yako imefika asubuhi hii, nami naandika nimesimama, sijavua koti. Nimekwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitengo nikaomba likizo. Ni likizo, si kurudi. Sitaki kukudanganya, nawe usijidanganye mbele ya bawabu. Lakini nafika tarehe ishirini na nane, basi la asubuhi. Goti likikubali njoo kituoni. Likikataa kaa nyumbani, njia naijua.

Sikukusalimu hapo juu kwa sababu sikutaka kupoteza dakika. Shikamoo yako nakuletea mwenyewe.